Pine Iliyolika Upande wa Ndani

Tangu niache kazi, ninyi mafundi vijana mnanitumia picha. Telefone inalia, nafungua, nakuta pine, tairi lililochakaa. Chini yake mtu ameandika: "Papa Fostini, hii iko na shida gani?" Najibu kwamba siwezi kujua, nanyi mnadhani mzee ameanza maringo. Siyo maringo. Wakati mmoja nilitoa jibu la haraka kuhusu pine moja, na jibu hilo likamwondoa mtu kwenye kazi yake. Nitawaeleza ilivyokuwa, lakini kwa mwendo wangu, maana goti limekataa haraka na kichwa nacho kimelifuata.

Kazi ya pine nilijifunza Masisi, kwa mwanamke. Aliitwa Mama Zawadi. Mume wake alikuwa kwado, ndivyo tunavyomwita huku mtu wa kuziba pine, na alipokufa alimwachia mashini ya kupuliza upepo, krike mbili za kuinulia gari na nyundo. Ndugu za marehemu walingoja auze. Hakuuza. Alivaa koti la mumewe, akakunja mikono, akaendelea na kazi kana kwamba mtu ametoka kidogo tu kwenda kunywa chai. Walionicheka kwa kufundishwa na mama, wengi wao baadaye walileta pine zao kwake, kisha kwangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la upepo. Kulikuja kamionete, lori dogo la kubeba jibini, pine ya mbele imelika katikati tu, kingo zote mbili bado nzima. Mimi nikaona pine imechoka, nikaiongezea upepo. Ni kama kumpa chakula mtu aliyevimbiwa. Pine inayolika katikati imeshiba kupita kiasi, inasimama juu ya tumbo lake. Hiyo inalilia upepo utolewe. Ile inayolika kingo zote mbili, katikati ikabaki, hiyo ndiyo yenye njaa. Basi niliendelea kupuliza mpaka ikapasuka. Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la jibini kichwani aliruka, na mnajua jibini la Masisi ni la mviringo na barabara yetu ni ya mteremko. Yalikimbia yote, moja nyuma ya jingine, mpaka karibu na mto.

Mama Zawadi hakunigombeza. Aliniambia: "Kimbia, uyafuate. Na kila moja utakalorudisha, uniambie pine inayolika katikati inataka nini."

Nilirudisha tisa. Sijasahau tena.

Jambo jingine alilonifundisha ni kiganja. Kabla ya kufungua nati hata moja alikuwa anaosha pine, anafumba macho, anapitisha mkono juu ya meno ya ile pine kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. "Ni kama manyoya ya ng'ombe," alisema. "Ukiyafuata, yako laini. Ukiyarudisha, yanakukwaruza." Pine ikikukwaruza upande mmoja tu, basi magurudumu hayatazami mbele sawasawa, yanajikokota kwa ubavu huku yanazunguka. Ukisikia mabonde na vilima, kama barabara ya kokoto, tikisa gurudumu lenyewe: mara nyingi rulma, ile beringi ya katikati, imelegea na gurudumu linacheza. Ukikuta kipara mahali pamoja tu, uliza kuhusu fre, yaani breki. Na ukikuta upande mmoja umelika na wa pili mzima, gurudumu limelala. Hapo usiguse pine kwanza. Tafuta kilicholilaza.

Leo mna vifaa vya kupima upepo vinavyoonyesha namba kwa mwanga. Sisi tulipiga pine kwa nyundo tukasikiliza. Viraka tulivichoma kwa kuwasha petroli ndani ya pistoni kuukuu iliyofungwa juu ya jeraha, na kama mawazo yalikwenda mbali tuliunguza jeraha pamoja na mgonjwa. Siwaambii mambo ya zamani yalikuwa bora. Yalikuwa na moshi mwingi. Lakini hicho kifaa chenu kinapima upepo peke yake.

Baadaye nilihamia Mubi, nikafungua karakana yangu kando ya barabara, pale malori yanapopumzika kabla ya kuingia msituni. Ndipo nilipokutana na ile nyumba.

Ilikuwa remorke, kigari kisicho na mota kinachovutwa na gari jingine, lakini yenyewe ilikuwa nyumba kabisa: nyeupe, dirisha moja, pazia la maua, magurudumu mawili. Ilitoka Ulaya. Niliambiwa kwamba kule watu huivuta wakienda likizo, wanafika mahali, wanalala ndani yake, hali wana nyumba zao. Sijaelewa mpaka leo. Shirika moja la afya liliileta Masisi, likatoa vitanda vya likizo, likaweka kitanda cha kupimia mama wajawazito, kabati la dawa na friji ndogo ya chanjo. Barabara ilipokuwa inapitika, ilitoka Masisi, ikasimama Mpofi, ikafika Mubi. Mama walikuwa wanaisikia kabla ya kuiona, kwa sababu vyombo vyake vyote viliimba.

Ndani alifanya kazi Mama Safi, muuguzi, mzaliwa wa Walikale, mwanamke wa maneno machache na mikono ya haraka. Dereva alikuwa Papa Maombi, Muhunde wa vilima vya Masisi, mtu aliyewapigia honi hata kuku na kuwangojea wavuke. Motari, wale wa pikipiki, walimpita wakicheka. Yeye hakuwahi kubadilisha mwendo.

Mwaka wa kwanza msimamizi wa magari wa shirika aliniomba nitengeneze mahali pa kuweka pipa la maji la litre mia mbili na betri mbili za friji. Kuume kulikuwa na mlango, kwa hiyo nikalehemu kishikio cha chuma upande wa kushoto. Nilikipaka rangi nyeupe kifanane na nyumba. Watu walikuja kukitazama.

Baada ya miezi michache pine ya kushoto ikaisha. Walinunua nyingine, nayo ikaisha. Ilipofika ya tatu msimamizi alikuja Mubi mwenyewe, amepanda mbele na Papa Maombi, na hawakuwa wanasemeshana.

Siku hiyo nilikuwa na lori la watu wa biashara, limefunguliwa magurudumu manne, na mwenye mzigo alikuwa anapiga kelele nyuma yangu. Msimamizi akaniita.

"Papa Fostini, hii ni pine ya tatu, na kila mara ni ya kushoto. Sema mbele yake: ni barabara ao ni dereva?"

Papa Maombi akasema: "Shefu, nilishasema. Hii nyumba inalala kushoto. Mu kona naisikia mu mikono. Hata ikisimama pahali sawa, bado inalala."

Nilizunguka remorke mara moja. Upande wa nje wa pine ulikuwa mzuri, meno yote yapo, ila ubavuni kulikuwa na mikwaruzo ya mawe. Mikwaruzo ilitosha kunipa hadithi. Nikasema: "Anaogopa mtaro wa kuume. Njo maana gurudumu la kushoto analipitisha juu ya mawe kila siku. Pine haiwezi kuvumilia vile."

Papa Maombi alinitazama. "Haukuweka hata mukono, Papa Fostini."

"Macho inatosha," nikamjibu, nikarudi kwenye lori.

Nimewahi kukosea mara nyingi, na makosa mengi yalinipa kicheko baadaye. Neno hilo halijanipa.

Juma lililofuata nilisikia kwamba Papa Maombi amepewa barua ya kuachishwa kazi. Alirudi kwenye kilima chake, juu ya Masisi, kulima maharagwe. Nilisema ni bahati mbaya, nikaendelea kula.

Dereva mpya aliitwa Eloi, mtu mzima aliyewahi kuendesha malori ya mafuta, na mwendeshaji wa lori la mafuta hachezi na mawe. Akaja na pine mpya. Nilimwona akipita Mubi mara kadhaa, gurudumu la kushoto katikati ya njia, mbali na kila jiwe. Nikajisemea, sasa pine itadumu.

Ilidumu kama zile nyingine, pengine pungufu kidogo. Siku moja ya mvua alikuja motari kutoka Mpofi, matope mpaka kifuani. "Papa, ile nyumba ya chanjo imeanguka. Mama Safi anakuita."

Nilichukua krike, uzi, nati moja nzito na funguo zangu, nikapanda nyuma yake. Tulipofika nilikuta haikuanguka kabisa. Pine ya kushoto ilipasuka kwenye mteremko, nyumba ikamvuta Eloi kwenda pembeni, ikaegemea ukingo wa udongo mwekundu. Upande wa pili hapakuwa na ukingo. Palikuwa na bonde, na chini vilele vya miti. Eloi alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti. Mama Safi alikuwa amekaa juu ya sanduku la chanjo, mwavuli mkononi, kana kwamba sanduku ndilo lingelowa na kufa.

Hakunisalimia. Alisema: "Papa Fostini, na huyu pia anaendesha vibaya?"

Niliinua nyumba, nikafungua gurudumu, nikalivuta nje, nikaligeuza. Hapo ndipo nilipouona upande wa ndani wa ile pine kwa mara ya kwanza. Zilikuwa zimeshapita nne mbele yangu, na hiyo ndiyo siku niliyougeuza. Upande wa nje ulikuwa bado na zile nywele ndogo za mpira za pine mpya. Upande wa ndani ulikuwa kipara, na chini ya kipara nyuzi za chuma zimetoka kama ndevu za mzee.

Nikafunga pine ya akiba, nikatafuta mahali pa sawa, tukasogeza nyumba hapo. Nilifunga nati kwenye uzi, nikauning'iniza upande wa nje wa gurudumu la kuume. Uzi wenye uzito hausemi uongo, unaanguka wima. Nikapima nafasi kati ya uzi na janti, kile chuma kinachobeba pine, juu, kisha chini: sawa. Nikaenda kushoto. Chini, janti ilikaribia kugusa uzi. Juu, ilikuwa imekimbilia ndani vidole viwili vizima. Gurudumu lilikuwa limelala, kama Papa Maombi alivyosema, na uzito wote ulikanyaga ukingo wa ndani.

Rulma ilikuwa nzima. Nikafuata esi kwa mkono, kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili. Katikati ilinyooka. Karibu na upande wa kushoto mkono wangu ukapanda. Ilikuwa imepinda. Esi ile ilitengenezwa kubeba watu wawili wa likizo na sufuria zao kwenye barabara ya lami. Nikainua macho kuona ni kitu gani kimeikalia, nikaona pipa limejaa maji, betri mbili, na kishikio cheupe. Nilikichunguza kwa makusudi. Hakikuwa na ufa hata mmoja. Kazi nzuri sana.

Mama Safi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni nani aliweka hii pipa?"

"Ni mimi."

Mvua ilikuwa inapiga mwavuli wake. Kisha akasema: "Na Papa Maombi? Alikuambia nini siku ile?"

"Aliniambia kama inalala kushoto."

"Wewe ukasema?"

"Nikasema macho inatosha."

Aligeuka, akafungua sanduku la chanjo, akasoma kipimo cha baridi, akalifunga tena. Mubi mama walimngoja siku mbili. Wale waliotoka mbali msituni walirudi kabla hajafika, na watoto hawakuchomwa sindano mwezi ule.

Tulimwaga maji yote, betri nikazihamishia kuume karibu na mlango, tukaenda taratibu mpaka Mubi. Pale wenzangu wawili walinishauri tuichome esi kwa moto, tuinyooshe kwa nyundo. Niliwahi kufanya hivyo kwa magari ya wengine, na nawaambia msifanye. Chuma kilichopinda kikapigwa moto kinakumbuka njia, kinarudi palepale haraka zaidi. Nilipata esi nene kutoka kwenye kamionete iliyokufa, nikaikata kwa kipimo. Pipa nikaliondoa kabisa. Mahali pake niliweka bidoni ndogo za maji, mbili kuume na mbili kushoto, zote juu ya esi, hakuna nyuma wala mbele. Nikatoboa tundu kwenye kila kishikio ili maji ya mvua yasikae. Halafu nikapima tena kwa uzi, nyumba ikiwa tupu, kisha ikiwa na maji, kisha Mama Safi na Eloi wakiwa ndani. Wengi hupima gari tupu, kumbe gari haisafiri tupu.

Baada ya hapo niliomba lifti mpaka Masisi, kwa msimamizi. Nilimweleza yote, na kuhusu kishikio. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi cha ofisi yake. Alivua miwani.

"Sasa unataka mimi nifanye nini? Ule dereva amekwisha kubadilishwa."

"Andika ndani ya dosie yake kama si yeye."

"Niandike fundi alidanganya ao alikosea?"

"Sikuangalia. Hilo kosa, wewe tafuta jina lake."

Alinipa karatasi, akasema niandike mimi. Niliandika kwa mkono wangu, mistari sita, nikatia sahihi. Akaiweka ndani ya faili, akasema ataona.

Kutoka ofisini nilipanda kilima. Nilimkuta Papa Maombi na mke wake, Mama Furaha, wanapalilia maharagwe. Mume aliniona kutoka mbali na hakusimamisha jembe. Nilisimama mwisho wa mstari nikangoja afike kwangu. Mstari ulikuwa mrefu.

"Karibu," alisema mke wake. Yeye alisema: "Ilipasuka?"

"Ilipasuka. Karibu na Mpofi."

"Mama Safi?"

"Iko muzima. Bote bako bazima."

Hapo tu ndipo alipoegemea jembe. Nikamweleza: upande wa ndani, esi, pipa. Sikuficha kishikio. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya kijiji kingine. Nilipomaliza aliuliza: "Vidole ngapi?"

"Viwili."

"Mimi nilifikiri kimoja na nusu." Alitikisa kichwa. "Viwili. Na mimi niliendesha ile kitu na bamama ndani."

Nikamwambia nimeandika karatasi na nimeiacha ofisini. Nikasema pia lile neno ambalo mtu husema, kwamba anisamehe. Mama Furaha ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye maharagwe: "Batoto babili bametoka ku masomo tangu ile barua. Hiyo utaandika ku karatasi gani?"

Papa Maombi hakumnyamazisha, nami sikutegemea amnyamazishe. Alinipa maji ya kunywa. Nikashuka.

Miezi miwili ilipita. Eloi alihamishiwa gari jingine, na msimamizi, sijui kwa karatasi yangu au kwa kukosa mtu, alimrudisha Papa Maombi. Nilijua siku niliyosikia honi ndefu barabarani Mubi na kuku wakavuka bila haraka. Nyumba nyeupe ilisimama mbele ya karakana yangu. Mama waliokuwa wanangoja walianza kupanga mstari na watoto mgongoni.

Papa Maombi alishuka. Alimsalimia kila mtu aliyekuwapo, akampa mkono fundi wa pikipiki wa jirani, akampa mkono muuza mafuta. Mimi alinipita. Alikwenda mpaka gurudumu la kushoto, akatandika gunia kwenye matope, akalala chali, akaingia chini ya nyumba mpaka kiunoni. Nilisikia kiganja chake kinapita juu ya mpira, taratibu, kwenda na kurudi. Mama Safi alifungua pazia, akatutazama, akalifunga.

Kisha sauti ikatoka chini.

"Papa Fostini."

"Niko hapa."

"Uko nangoja nini? Gunia inatosha bantu babili."

Nikavua kofia, nikalala karibu naye.